Vioo vitatu, iPhone 12 moja: kipi cha kuweka?

"Nina iPhone 12 niliyoinunua ikiwa mpya. Wiki iliyopita iliniponyoka kwenye ngazi, kioo kikapasuka kona ya juu kulia, na tangu jana umejitokeza mstari mwembamba wa kijani kutoka juu hadi chini. Tachi bado inafanya kazi kila mahali. Fundi wa kwanza ameniambia anaweza kubadilisha kioo cha juu tu. Wa pili ana vioo vya aina tatu, anaviita insel, OLED na orijino, na bei ya cha mwisho inakaribia mara tatu ya cha kwanza. Anasema kwa macho sitaona tofauti. Dada yangu aliwekewa kioo cha bei nafuu kwenye Samsung yake, na tangu hapo alama ya kidole haisomi na chaji inaisha mapema. Nimesikia pia kwamba iPhone ikibadilishwa kioo haitambui tena uso wa mwenyewe. Mimi hufanya kazi zamu za usiku, nasoma sana kwenye simu gizani na macho huniuma. Nataka nikae na simu hii miaka miwili mingine. Niweke kipi?"

Pole sana, ndugu yangu. Nitakujibu yote, lakini kuna jambo moja la kufanya leo hii, kabla ya kuchagua kioo chochote: hamisha picha zako, namba zako na ujumbe wako, uviweke mahali pengine salama. Ule mstari wa kijani haukuja kwa bahati. Skrini ya simu yako imetengenezwa kwa mada za kikaboni zinazotoa mwanga zenyewe, na mada hizo zinachukia sana unyevu na hewa. Kiwandani hufungwa kwa ustadi ili hewa isipite kabisa. Simu ikianguka vibaya na ufungaji ule ukapata ufa hata mdogo, uharibifu unaweza kuendelea polepole ukiwa huna habari: leo mstari, keshokutwa doa jeusi mfano wa wino, wiki ijayo skrini nzima giza. Simu yenyewe itakuwa hai, inaita na kutetemeka, lakini utaingizaje namba ya siri kwenye skrini usiyoiona? Hata kompyuta, kabla ya kuchukua data zako, itakutaka uikubali kwa kugusa skrini hiyohiyo. Watu wengi hufika kwa fundi wakilia picha za watoto, na picha zimo ndani ya simu salama kabisa, ila mlango wa kuzifikia umezimika. Wewe bado unao mlango. Utumie.

Ukimaliza, bandika mkanda mwangavu wa gundi juu ya sehemu iliyopasuka. Chembe za kioo ni ndogo kuliko zinavyoonekana, na huingia kidoleni, na wakati mwingine jichoni.

Sasa tuanze na fundi wa kwanza. Unachokigusa kila siku ni tabaka kadhaa zilizogandamana: juu kuna kioo kitupu, chini yake gundi safi isiyoonekana, kisha paneli inayotoa picha, ambayo kwenye simu yako hubeba pia tachi. Kubadilisha kioo cha juu tu ni kazi halisi na ina mafundi wake. Huweka skrini juu ya sahani ya moto na kupitisha waya mwembamba kama unywele kati ya kioo na paneli, au huigandisha kwa baridi kali mpaka gundi ikakamaa na kioo kikabanduka. Halafu husafisha, huweka gundi mpya na kioo kipya, na kutoa mapovu kwa mashine ya mgandamizo. Inafaa sana pale ambapo kioo kimepasuka lakini picha ni nzima, haina mstari, haina doa, na tachi haina kasoro.

Yako ina mstari. Maana yake kuna njia ya umeme iliyokatika au kulegea, ama ndani ya paneli, ama pale utepe wa nyaya unapoungana nayo ukingoni. Kioo kipya juu yake hakitaugusa mstari huo. Tena kazi ya kubandua yenyewe huivuta paneli, na paneli iliyokwisha kuumia huongezewa mistari mingine. Huenda fundi wa kwanza alikuangalizia kabla mstari haujatokea, na kama ni hivyo ushauri wake ulikuwa sahihi kwa siku ile. Leo haukufai tena. Unahitaji skrini kamili.

Hapo tunakuja kwenye vile vioo vitatu, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndipo pesa yako ilipo.

Skrini za simu, ukiondoa majina yote ya dukani, ni za familia mbili. Ya kwanza ni LCD. Hii haitoi mwanga wenyewe. Nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote skrini ikiwa wazi, na mbele ya taa hiyo kuna chembe za kimiminika zinazojipinda kuruhusu au kuzuia mwanga, kama pazia mbele ya taa ya chumbani. Hata ukilivuta pazia mpaka mwisho, mwanga kidogo hupenya, ndiyo maana nyeusi ya LCD gizani huwa ya kijivu. Familia ya pili ni OLED. Hapa kila nukta hujiwakia, na mahali panapotakiwa kuwa peusi nukta huzimika kabisa, haitumii umeme.

Apple waliweka OLED kwenye iPhone kwa mara ya kwanza mwaka 2017, kwenye iPhone X. Miaka iliyofuata walichanganya: XR na 11 zilibaki LCD, XS na 11 Pro zikawa OLED. Toleo la 12, la mwaka 2020, lote ni OLED. Kwa hiyo simu yako kuanzia bodi, mfumo wa umeme, programu mpaka unene wa fremu ilichorwa kwa ajili ya OLED. Swali la kwanza kwa fundi yeyote mwenye kioo mkononi ni moja tu: hiki ni familia gani?

Insel, ambayo kwenye boksi huandikwa Incell, ni LCD. Jina lenyewe ni la teknolojia ya heshima: ni LCD ambayo tachi yake imejengwa ndani ya chembe za paneli badala ya kuwa tabaka la ziada juu, na iPhone 5 ya mwaka 2012 ilitoka kiwandani ikiwa nayo. Ni nyembamba na bora kuliko zile ambazo mafundi huziita TFT, zenye tabaka la tachi la ziada. Kwa hiyo usichukulie kwamba LCD ni feki. Kwa mwenye iPhone 11, LCD nzuri ndiyo sahihi kabisa, na hata baadhi ya Samsung za mfululizo wa A hutoka kiwandani na LCD. Shida inaanza pale LCD inapowekwa kwenye simu iliyojengwa kwa OLED.

Shida ya kwanza ni umeme. Bodi ya simu yako haikutengenezwa kuwasha taa ya nyuma. Mtengenezaji wa insel inambidi aweke kwenye utepe wa kioo saketi ndogo ya kupandisha volti ili taa hizo ziwake, na zinawaka sawasawa iwe unaangalia picha nyeupe au ukurasa mweusi. Ile faida ya kutumia mandhari nyeusi usiku ili kuokoa chaji inapotea. Wewe unayesoma gizani kwa saa nyingi ungeipoteza kila siku. Joto nalo linaweza kuongezeka.

Shida ya pili ni unene. Taa ya nyuma, karatasi za kutawanya mwanga na paneli, ukivipanga pamoja, ni vinene kuliko OLED. Fremu haijui hilo. Matokeo yake kioo husimama juu kidogo ya ukingo wa fremu. Pitisha ukucha kutoka kwenye fremu kuelekea kwenye kioo: kwenye iPhone 12 nzima ukucha unateleza karibu bila kukwama, kwenye nyingi zilizowekewa insel unagonga ngazi ndogo. Ngazi hiyo ndiyo itakayopokea pigo la kwanza siku simu ikianguka tena.

Halafu kuna mambo ya macho: nyeusi ya kijivu, weupe unaoelekea bluu, mwanga unaoshindwa juani, na mpaka mweusi wa chini ulio mnene kuliko pande nyingine. Anayekuambia kwa macho hutaona tofauti, mwombe aziweke simu mbili kando kwa kando, afungue picha nyeusi tupu kwenye zote, na mzifunike kwa viganja. OLED itapotea gizani, hutajua skrini inaishia wapi na kiganja kinaanzia wapi. Insel itabaki iking'aa kama ukungu. Hilo huhitaji utaalamu kulibaini.

Na dada yako? Kisa chake kinaeleweka vizuri ukishajua hayo. Samsung nyingi zenye OLED huficha kisoma kidole chini ya skrini. Kwenye kile cha mwanga, skrini yenyewe humulika kidole, na kamera ndogo iliyo chini hupiga picha ya mistari ya kidole kupitia nafasi zilizopo kati ya nukta. Kwenye kile cha mawimbi ya sauti, mawimbi hupenya paneli nyembamba na kurudi. Weka LCD hapo katikati: ina karatasi ya kuakisi mwanga nyuma yake, na kwa kisoma kidole karatasi ile ni ukuta. Hakuna mpangilio wa simu utakaolitatua, wala kusajili kidole upya hakusaidii. Habari njema kwake ni kwamba, kama fundi hakukiumiza wakati wa kazi, kisoma kidole bado kizima pale chini. Akirudishiwa OLED inayofaa na kusajili kidole upya, kuna matumaini mazuri. Chaji yake inayoisha mapema inaweza kuwa ni ile taa ya nyuma tuliyoizungumza, ingawa betri nayo ipimwe ili lawama isiende upande mmoja.

Cha pili ulichotajiwa ni OLED, na hapo fundi wako hajamaliza sentensi. OLED za badala ziko mbili: ngumu na laini. Tofauti iko kwenye kitako ambacho nukta zimejengwa juu yake. Ngumu imejengwa juu ya kioo, laini imejengwa juu ya plastiki nyembamba inayokunjika. Ya kwako ya kiwandani ni laini, na hiyo ndiyo siri ya mipaka yake kuwa sawa pande zote: sehemu ya chini ya paneli, yenye viunganishi, hukunjwa na kufichwa nyuma. OLED ngumu haikunjiki, kwa hiyo viunganishi vile lazima vikae mbele, na mpaka wa chini unanenepa. Rangi zake ni nzuri na nyeusi yake ni nyeusi kweli. Tatizo lake ni kwamba ina vioo viwili, cha juu na cha ndani. Simu huanguka, kioo cha juu kikabaki kizima, mwenyewe akashukuru Mungu, kisha akaona doa jeusi linatambaa kutoka kona. Ni kile cha ndani kilichopasuka. Kwa mtu anayetaka miaka miwili, na simu yake imeshaonyesha kwamba huanguka, mimi simshauri OLED ngumu isipokuwa tofauti ya bei na laini ni kubwa mno.

OLED laini nzuri inakaribia sana kioo cha kiwandani kwa rangi, unene na matumizi ya chaji. Haifanani kabisa: mara nyingi mwanga wake wa juu kabisa ni mdogo kidogo, na usawa wa rangi hutegemea mtengenezaji. Lakini ndiyo bidhaa ya badala ambayo ningeiweka kwenye simu ya mtu wa nyumbani kwangu.

Sasa hicho cha tatu, kinachoitwa orijino. Neno hili madukani limebebeshwa mizigo minne tofauti, na bei yake haiwezi kupimwa mpaka ujue ni upi. Unaweza kupewa kioo kipya kilichotoka kwa Apple kupitia njia zake rasmi. Unaweza kupewa kilichong'olewa kwenye iPhone 12 nyingine, kizima kama kilivyo. Unaweza kupewa paneli ya Apple iliyopasuka kioo cha juu kisha ikavikwa kioo kipya, kwa ile kazi ya waya na moto niliyoieleza. Au unaweza kupewa kopi yenye stika nzuri. Muulize fundi wazi: kipya, cha kung'oa, au kilichovikwa upya? Fundi mkweli atakujibu bila kukasirika. Anayejibu "ni orijino tu, mzee" na kubadilisha mada, mimi ningemwacha.

Cha kung'oa kina faida kwamba kila tabaka ni la kiwandani, lakini kimeshatumika, na OLED huchakaa. Nukta za bluu huchoka mapema kuliko nyingine, na mahali palipokaa picha moja muda mrefu hubaki kivuli. Fungua picha ya kijivu tupu na uangalie sehemu ya chini, pale kibodi hukaa, na juu, penye saa na alama ya betri. Ukiona vivuli vyake, hicho kioo kimefanya kazi kuliko unavyoambiwa. Kuna na suala la asili yake, kwamba kimetoka kwenye simu ya nani. Kuanzia iOS 18 (iOS ni programu endeshi ya iPhone) ya mwaka 2024, Apple wameruhusu vipuri vyao vilivyotumika visanidiwe kwenye simu nyingine kuanzia iPhone 12, na papo hapo wakaweka kinga: kipuri kilichotoka kwenye simu ambayo mwenyewe ameifunga isitumiwe na mwingine huzuiwa kusanidiwa. Hiyo ni nzuri kwetu sote, maana inapunguza faida ya kuiba simu ili kuuza vipande.

Kilichovikwa upya kinaweza kuwa chaguo zuri kuliko yote kwa pesa ya kati, au kikawa balaa. Paneli ni ya kweli, lakini kioo, gundi na ule mpako wa juu unaozuia mafuta ya vidole vinatoka popote. Kikiwa kimefanywa vibaya utaona mapovu madogo kwenye kingo baada ya wiki kadhaa, au vumbi lililonaswa ndani, au kioo kinachoshika alama za vidole muda mfupi baada ya kufutwa.

Tuje kwenye hofu yako ya uso. Uvumi huu una mizizi ya kweli, ila umechanganya simu. iPhone 13 zilipotoka mwaka 2021, kubadilisha skrini kulizima utambuzi wa uso hata kama kila kitu kilifungwa vizuri. Malalamiko yakawa mengi na Apple wakaliondoa tatizo hilo kwenye iOS 15.2. Kwenye 12 yako hali ni nyingine. Nyuma ya skrini, upande wa juu, kuna kipande kidogo chenye spika ya sikioni na vihisi, na kimoja kati ya vihisi hivyo ni sehemu ya mfumo wa kutambua uso. Kipande hicho kimefungamanishwa na bodi ya simu yako tangu kiwandani. Fundi anapaswa kukibandua kwa uangalifu kutoka kwenye skrini ya zamani na kukihamishia kwenye mpya. Utepe wake ni mwembamba kama karatasi ya sigara, na ukichanika, utambuzi wa uso umekwenda, hata kama skrini mpya imetoka mikononi mwa Apple wenyewe. Kwa hiyo hapa kinachoamua ni mkono wa fundi kuliko aina ya kioo. Muulize kama amewahi kuifanya kazi hii kwenye 12, na kabla hajafungua simu, mwonyeshe kwamba uso unatambulika ili msije mkabishana baadaye.

Ujumbe wa kwamba skrini haikuthibitishwa ni jambo jingine tena. Ulianza na iPhone 11, na utauona kwa kioo cha badala cha aina yoyote. Hukaa kwenye skrini ya mbele siku chache, kisha huhamia ndani ya mipangilio na kubaki humo. Hauzuii simu kufanya kazi. Kinachoweza kupotea ni ule urekebishaji wa rangi kulingana na mwanga wa chumba, unaoitwa True Tone, kwa sababu data zake huhifadhiwa kwenye chipu ya skrini ya zamani. Mafundi wengi wana kifaa cha kuisoma chipu hiyo na kunakili data kwenye mpya. Mwambie afanye hivyo, na asitupe skrini ya zamani kabla hajafanya. Hatari nyingine ya vioo vya badala, na ni ndogo ila ipo, ni masasisho ya programu: mwaka 2018, iOS 11.3 ilizima tachi kwenye baadhi ya iPhone 8 zilizowekewa vioo visivyo vya Apple, na ikabidi itolewe 11.3.1 kurekebisha. Chagua muuzaji anayetoa dhamana ya maandishi, siyo ya mdomo.

Kuhusu macho yako, nimelifikiria sana, maana hapa jibu langu linapingana kidogo na nilichosema juu. OLED nyingi hupunguza mwanga kwa kujizima na kujiwasha mamia ya mara kwa sekunde, na kadiri unavyoshusha mwanga ndivyo muda wa kuzimika unavyorefuka. Jicho halioni, lakini watu wengine huumwa kichwa au macho kuchoka. Simu yako ilikuwa hivyo tangu ikiwa mpya. LCD nyingi hazina tabia hiyo, ingawa za bei rahisi zinaweza kuwa nayo pia, kwa hiyo insel siyo dawa ya uhakika. Kabla ya kubadilisha familia ya skrini kwa ajili ya macho, jaribu hili: acha mwanga wa skrini katikati au juu kidogo, kisha kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility) washa chaguo la kupunguza ukali wa rangi nyeupe (Reduce White Point). Skrini itaonekana hafifu huku nukta zikizimika kwa muda mfupi zaidi. Washa pia taa ndogo chumbani, kwa sababu macho huchoshwa sana na skrini inayong'aa peke yake kwenye giza. Ukifanya hivyo majuma mawili na maumivu yakabaki pale pale, nenda kwa daktari wa macho, kwani huenda simu haihusiki. Na ikiwa utagundua kwamba kila skrini ya OLED inakuumiza na kila LCD inakupa nafuu, basi kwako wewe insel inakuwa na hoja ambayo kwa wengine haina, na ningekuelewa ukiichagua.

Nje ya hilo, uamuzi wangu kwa simu yako ni huu. Kama uwezo unaruhusu na kuna huduma rasmi unayoweza kuifikia, kioo kipya cha Apple ndicho kisicho na maswali. Kama hauruhusu, chukua OLED laini yenye dhamana, au paneli ya Apple iliyovikwa upya na fundi unayeweza kumrudia. Insel ningeiweka tu kama ungetaka simu isogee miezi michache mpaka upate nyingine, na ukija kuiuza umwambie mnunuzi. Kwa miaka miwili ya kusoma usiku, akiba utakayoipata leo utailipa kila siku kwa chaji.

Usiruhusu gundi iwekwe kabla hujakijaribu kioo. Fundi mzuri huunganisha skrini mpya kwa nyaya tu, simu ikiwa wazi, na kukupa uangalie. Picha nyeupe tupu: kuna madoa, kuna kona yenye rangi tofauti? Picha nyeusi chini ya viganja, kama nilivyosema. Kisha shika alama ya programu moja mpaka itikisike, uiburute polepole juu ya skrini nzima, kila kona, bila kuinua kidole. Ikidondoka njiani, hapo tachi ina pengo. Andika kwa kasi kwenye kibodi. Skrini ikifungwa rasmi, piga simu na uisogeze sikioni uone kama inazimika, jaribu uso, jaribu kamera ya mbele na spika ya sikioni. Kama ukiiacha mezani inajibonyeza yenyewe, jaribu ikiwa haipo kwenye chaja, kwani chaja mbovu huleta shida hiyohiyo. Ikiendelea bila chaja, kioo kirudi.

Mwambie pia aweke gundi mpya ya kuzunguka fremu. iPhone 12 ilitoka na kinga ya maji ya IP68, na kinga hiyo ilitegemea ufungaji wa kiwandani. Hata fundi hodari hawezi kukuhakikishia imerudi, basi kuanzia sasa iweke mbali na maji.

Usiende kwa fundi wa kioo tu bali kwa mtu mwenye vifaa kamili, au huduma rasmi, ukiona fremu imepinda, kwa sababu skrini mpya ikilazimishwa ndani ya fremu iliyopinda hupasuka ndani ya siku chache bila kuanguka. Na kama skrini inanyanyuka upande mmoja, au mgongo umevimba, au unasikia harufu tamu ya kemikali, zima simu, usiichaji na usiibonyeze irudi ndani. Hiyo ni betri, na inatangulia kioo.

Mwisho, omba urudishiwe skrini yako ya zamani kazi ikiisha. Paneli za Apple zilizopasuka zina wanunuzi, ndizo zinazovikwa upya. Yako kwa ule mstari haina thamani kubwa, lakini ni yako, na fundi akiitaka mnaweza kuelewana apunguze kitu kwenye bei.